Nakala ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba kikohozi chake kimepungua. Mimi sijambo, isipokuwa tumbo, ambalo kama unavyojua huwa linapata habari kabla yangu.

Nimepata kazi. Barua ya uteuzi nimeisoma mara tisa, nikampa na mwenye nyumba aisome, ndipo nikaamini. Mimi ni karani daraja la tatu, Kitengo cha Istilahi, wizarani, ghorofa ya pili. Najua utauliza istilahi ni mnyama gani. Ni maneno tu, dada. Ripoti zote za mikoani zinapita mezani kwangu kabla ya kwenda popote, na mimi nahakikisha zimetumia maneno yaliyoidhinishwa, hasa moja: jina la aina ya nchi tuliyo.

Mbele ya meza yangu kuna jedwali ukutani. Safu ya kushoto ni ya maneno yaliyofutwa, nayo ni ndefu kama foleni ya zahanati yako siku ya kupima watoto: nchi zilizo nyuma, nchi maskini, nchi changa, ulimwengu wa tatu, nchi zenye maendeleo duni, nchi zinazoendelea. Safu ya kulia ina neno moja: nchi ya kipato cha kati. Tangu Januari ndivyo tulivyo. Ilitangazwa redioni, nadhani mlisikia.

Nikikuta neno la kushoto kwenye ripoti ya mtu, nalipigia mstari mwekundu na kujaza kikaratasi. Vikaratasi viko katika daftari, hamsini hamsini, kila kimoja kina namba yake na visanduku vinne: mwandishi, sentensi, neno lililotumika, neno sahihi. Cheupe nakichana na kumpelekea mwandishi ili ajifunze. Chini yake kuna kaboni, na chini ya kaboni kuna nakala ya njano inayobaki daftarini. Daftari likijaa linapanda ghorofa ya tatu. Niliuliza nakala hizo hufanyiwa nini huko juu. Chumbani tuko wawili, mimi na mama mmoja mtu mzima, mpiga chapa, aliyekaa hapa miaka mingi kuliko rangi ya ukuta. Akaniambia, "Mwanangu, humu ukiona ngazi, angalia miguu yako." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Zile karatasi za kaboni ulizotaka kwa ajili ya barua za rufaa, nimepata nne, zimo humu. Usiogope, nimeziomba rasmi na nimesaini.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mdogo wako,
Nukta


Ijumaa, 15 Machi

Nukta, mdogo wangu,

Marahaba, bwana mkubwa! Kaboni zimefika, hazikujikunja hata kidogo. Nilijua. Mtu aliyekuwa akilia akisahau kuweka nukta mwisho wa sentensi, hawezi kutuma karatasi iliyokunjamana.

Mama ameipokea habari yako kwa mikono miwili na miguu yote miwili. Kila anayepita uani anaambiwa, "Mwanangu anaisahihisha serikali." Jirani amemjibu, "Basi aanze na ile barabara." Wamenuniana siku mbili.

Sasa nikuulize, msomi. Hiyo nchi changa: Mama anasema alipoanza shule iliitwa changa, mimi nikaanza ikiitwa changa, na wewe pia. Mtoto gani huyu ana mvi na bado ananyonya? Na ulimwengu wa tatu, je, wa kwanza na wa pili wanakaa wapi, twende tukawaamkie? Usinijibu kwa jedwali, nakutania.

Ila kuna jambo si la utani. Kila mwezi ile gari nyeupe hutuletea maboksi ya dawa ya sindano, ile ya homa kali ya watoto. Wiki iliyopita dereva alishuka mikono mitupu, amebeba barua tu. Nimeisoma hapo hapo juani. Inasema maboksi yale yalikuwa msaada kwa nchi zilizo nyuma kabisa, nasi tumeondolewa katika orodha hiyo, kwa hiyo hongera. Nukta, wameandika hongera. Serikali itanunua yake awamu ijayo. Nimemuuliza dereva awamu ijayo ni lini, akaniambia, "Dada, mimi naendesha."

Nimebaki na maboksi kumi na moja. Nchi hii ni maskini, na sasa imefukuzwa hata kwenye huo umaskini wake.

Huko ulipo uko karibu na wenye masikio. Ukipata nafasi, sema neno.

Kula vizuri. Maziwa ya mgando yanatuliza tumbo.

Dada yako


Jumatatu, 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ofisini saa ya chakula, nikicheka peke yangu kama chizi, mpaka nilipofika kwenye habari ya maboksi. Nimejaribu kumweleza mkuu wa kitengo. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema tusichanganye madaraka: dawa ni ya idara ya dawa, sisi ni wa maneno. Nimemwandikia mtu wa idara ya dawa. Hajajibu bado, ila barua yangu haikuwa na kosa.

Humu ndani utaona nimekutumia zawadi. Nimekujazia kikaratasi! Ni utani, usikasirike. Soma:

Namba 0212. Mwandishi: Dada. Sentensi: "Nchi hii ni maskini, na sasa imefukuzwa hata kwenye huo umaskini wake." Neno lililotumika: maskini. Neno sahihi: ya kipato cha kati.

Sasa soma sentensi yako upya ikiwa na neno sahihi uone ilivyonyooka.

Kazi inaenda vizuri. Nimesifiwa kwa mwandiko. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Nilipovuta droo ya chini ya meza yangu, ambayo huwa inakwama, nilikuta miwani ya aliyekuwa karani kabla yangu. Mizima, ndani ya mfuko wake, na lenzi nene kama kitako cha chupa. Nikamwuliza mkuu niipeleke wapi. Akasema, "Amehamishwa kikazi. Iache." Nimeiacha. Lakini dada, mtu wa lenzi nene vile anahamaje akaacha macho yake?

Nimemwuliza mpiga chapa kama alimfahamu. Alisema, "Alikuwa kijana mzuri. Alikuwa anauliza maswali mazuri." Akaendelea kuchapa.

Mdogo wako,
Nukta


Jumamosi, 6 Aprili

Nukta,

Kikaratasi chako nimekibandika ukutani, kando ya mzani wa watoto, kwa plasta ya vidonda! Kila mama akimning'iniza mwanawe anakisoma. Fundi cherehani wa sokoni, yule mwenye mapacha, amekisoma kwa sauti hadi mwisho, akamwambia pacha wake mkubwa, "Umesikia? Wewe si mwembamba, wewe ni wa uzito wa kati." Tumecheka hadi mganga msaidizi akatoka kuuliza nani amejifungua.

Nilihitaji kicheko hicho. Maboksi yamebaki matano. Mvua zimeanza na homa zimeanza nazo. Sasa nampa sindano aliyezidiwa tu, na anayeamua nani amezidiwa ni mimi. Jana niliwarudisha watatu nyumbani na vidonge vya maumivu. Njia nzima ya kurudi kwangu nilikuwa nahesabu nyuso zao.

Yule wa idara ya dawa amekujibu? Mkumbushe. Wewe ukimwandikia mtu mara ya tatu, hata jiwe litajibu.

Kuhusu miwani, labda alinunua nyingine. Acha kuwazia droo za watu.

Mama anakohoa usiku lakini hataki tuseme. Anasema mama wa karani hakohoi ovyo.

Dada yako


Ijumaa, 12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nisamehe.

Tafadhali fanya haya kwa mpangilio. Kwanza, kibandue kile kikaratasi ukutani leo hii, ukichome. Pili, zichome barua zangu zote, pamoja na hii. Tatu, ile sentensi usiirudie, wala kwa mdomo. Nne, ripoti yako ya robo mwaka iandike kwa neno la safu ya kulia. Andika kwamba upatikanaji wa dawa uko katika kipindi cha mpito. Hayo ndiyo maneno yanayokubalika. Tano, usiniandikie tena ofisini, tumia anwani ya mwenye nyumba.

Na mtu akija zahanati akiuliza kama una ndugu wizarani, sema huna.

Ni utaratibu mpya tu. Hakuna jambo.

Nukta


Jumatatu, 22 Aprili

Bwana karani,

Barua yako ya mambo matano nimeipata. Nimeisoma mara moja, ikatosha.

Kumbe ndivyo. Mwezi mmoja na nusu kwenye kiti, na tayari una dada wa kuficha. Niseme sina ndugu! Mimi niliyekubeba mgongoni hadi shule ya msingi kwa sababu uliogopa mbwa wa mlangoni. Kama muuguzi wa zahanati ya vumbi anakutia aibu mbele ya wenzako wa ghorofani, ungesema kwa sentensi moja. Hukuhitaji tano.

Pacha mdogo wa fundi cherehani amefariki Alhamisi. Maboksi yaliisha Jumatano. Fundi hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Aliniuliza tu kama sasa naweza kumpima yule mkubwa, kwa kuwa tayari amefika. Nikampima. Hakuna aliyesoma ukuta.

Unataka niandike "kipindi cha mpito." Nani anapita, Nukta? Aende wapi?

Ripoti nimeshaiandika. Imeandikwa kwa maneno yangu, ya kushoto yote, na nimeipeleka kwa njia ya kazi ikiwa na muhuri wa zahanati, kwa sababu njia ya undugu naona imefungwa. Kikaratasi bado kiko ukutani. Mama sijamwambia chochote, bado anakusifu uani.

Kazi njema.

Muuguzi


Jumanne, 30 Aprili

Dada yangu, dada yangu wa pekee,

Barua hii inaletwa na mama mpiga chapa mwenyewe, kwa mkono. Anasafiri kwenda kumwona bintiye na atashuka njiani kwako. Mpe maji na umpe kiti, miguu inamsumbua. Hakuniuliza imeandikwa nini.

Sikuona haya kwa ajili yako. Niliogopa. Nilidhani nikikueleza sababu utaogopa nawe, basi nikakupa amri badala ya sababu, kama wanavyofanya humu. Sasa nakueleza.

Kile kikaratasi cha utani nilikijaza kwenye daftari la kazi. Mikono yangu ilishazoea. Nilikuwa nacheka, nikavuta daftari, nikajaza, nikachana cheupe, nikakitia kwenye bahasha. Nakala ya njano ikabaki chini, na namba yake 0212, pamoja na neno "Dada" kwa mwandiko wangu uliosifiwa. Sikuikumbuka hadi tarehe kumi na moja Aprili, daftari lilipojaa na mkuu akaja kulichukua. Huwa anazihesabu nakala mbele yako, dole gumba limelowa mate, mia mbili na moja hadi mia mbili na hamsini. Nilikuwa na dakika mbili tangu aliposimama mlangoni. Ningeichana, angeona pengo. Nilisimama tu. Alipofika kwenye 0212 hakusita hata kidogo, dada. Akahesabu, akapita.

Siku iliyofuata nikakuandikia ile barua ya mambo matano.

Jumatatu hii, yaani jana, mambo mawili yalitokea. Asubuhi ripoti yako ilifika mezani kwangu. Niliitambua kabla ya kuifungua, kwa jinsi unavyogonga muhuri upande. Nimeisoma yote. Nimesoma habari za pacha mdogo kwa maneno yako, na za watatu uliowarudisha. Kazi yangu ilikuwa kuijazia vikaratasi kumi na vinne. Niliikunja, nikaitia ndani ya shati. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe kuchukua kitu kisicho changu.

Saa nane nikaitwa ghorofa ya tatu.

Ni chumba cha kawaida. Nilitarajia sijui nini. Kuna meza, viti viwili, dirisha limefunguliwa, na bwana mmoja wa umri wa kati mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Madaftari yetu yamepangwa rafuni nyuma yake, migongo yote sawasawa. Hata mimi nisingepanga vizuri zaidi.

"Karibu, kijana. Kaa. Tumbo linaendeleaje?"

Dada, habari za tumbo langu sijamwambia mtu yeyote humu. Nimekuandikia wewe tu.

Nikasema linaendelea vizuri. Akasema, "Maziwa ya mgando yanatuliza." Kisha akafungua daftari mahali penye alama, akaligeuza linielekee.

"Hiki umekijaza nusu. Kisanduku cha mwandishi. Umeandika 'Dada'. Madada ni wengi nchini. Tusaidie."

"Ulikuwa utani, mzee."

"Nimeona. Mzuri kabisa. Nimecheka mimi mwenyewe. Utani wa nani?"

Nikalitazama daftari. Akanisogezea kalamu. Ilikuwa ya aina ninayoitumia.

"Jaza jina, cheo na kituo cha kazi, kama unavyowajazia wengine. Umejazia watu mia mbili na zaidi, kwa mkono safi, wala hukuwahi kuniletea nusu. Kwa nini huyu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimekuwa nikifanya nini tangu Machi. Wale mia mbili, walimu, mabwana shamba, wauguzi kama wewe, niliwapelekea cheupe nikidhani nawafundisha, na kila mara nilibonyeza kalamu kwa nguvu ili njano isomeke vizuri. Nilimwuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Waliojazwa wanafanywaje, mzee?"

"Wanahamishwa kikazi," alisema, kama vile nimemwuliza saa.

Nikasema nahitaji kulihakikisha jina. Ni jibu la kijinga, lakini ni jibu la karani, akaliheshimu. Amenipa hadi Ijumaa.

Nimefikiri sana. Wanakujua. Wamesoma barua zetu, wanajua hadi maziwa. Wangetaka wangekuja kwako kesho. Lakini hawaji, kwa sababu kisanduku hakijajazwa, na watu hawa hawafanyi jambo bila karatasi. Nimekaa nao miezi miwili, nawafahamu. Karatasi yao haijakamilika bila mkono wangu. Hilo ndilo tumaini langu lote, na najua ni dogo.

Ijumaa nitakijaza. Nitafuta neno "Dada" kwa mstari mmoja ulionyooka, nitaweka sahihi pembeni kama kanuni inavyotaka, na nitaandika jina langu, cheo changu, na Kitengo cha Istilahi. Nitasema sentensi ile ni yangu na dada sina. Ukisikia nimesema hivyo, ujue maana yake.

Si kwamba nimekuwa shujaa. Mbwa wa mlangoni bado ananitisha, ila safari hii nimesimama mbele yake, na wewe uko nyuma yangu.

Ripoti yako nakurudishia humu. Sijaigusa hata nukta. Usiitume tena. Ichome, mchukue Mama, nendeni kwa shangazi kwa muda. Mwambie Mama nimepelekwa masomoni.

Na kuhusu pacha. Yule wa idara ya dawa hakunijibu. Nilimwandikia mara nne.

Mdogo wako,
Nukta


KITENGO CHA ISTILAHI
Jumatatu, 27 Mei

Kikaratasi namba 0388

Mwandishi: Muuguzi (jina kamili na kituo havikutajwa. Tafadhali kamilisha na urudishe.)

Sentensi: "Mdogo wangu, karani wenu, amepotea tangu Ijumaa tarehe 3 Mei, na mwenye nyumba wake anasema nguo zake zote bado zimo."

Neno lililotumika: amepotea

Neno sahihi: amehamishwa kikazi

Kwa niaba ya Mkuu wa Kitengo,
Karani daraja la tatu


Jumamosi, 8 Juni

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Istilahi, na kwa bwana wa ghorofa ya tatu, ambaye najua ndiye atakayeifungua kwanza,

Kikaratasi chenu nimekipokea. Mwandiko wa karani wenu mpya ni wa kitoto, herufi zinapanda mstari. Naona ni kijana. Mkiweza, mwambieni avute droo ya chini, ile inayokwama. Ataikuta miwani, na nadhani sasa imo na kalamu ya mdogo wangu.

Mmeniomba nikikamilishe. Kabla sijafanya hivyo, nieleze jambo moja. Mdogo wangu aliwaambia hana dada. Tangu ajue kuandika, huo ndio uongo pekee aliouwekea sahihi. Aliamini kwamba bila jina langu kwenye kisanduku, ninyi hamna la kufanya. Alikuwa anawaheshimu kuliko mnavyostahili.

Nilipoileta barua yake ya mwisho nyumbani, Mama alitaka nimsomee. Nikasema ameenda masomoni. Akasema, "Mwanangu haendi popote bila kuaga kwa maandishi. Soma." Nikasoma. Kisha akaniambia nisiende kwa shangazi, kwa sababu mtoto akirudi hataijua njia ya kwa shangazi.

Mwezi huu nimezika watoto wanne. Fundi cherehani ndiye ameshona sanda zote nne bila malipo, pacha mkubwa akiwa amekaa miguuni pake. Dawa bado haijaja. Gari nyeupe haipiti tena.

Kwa hiyo nachukua kisanduku chenu cha kwanza, ambacho mdogo wangu hakutaka kukijaza, nakijaza mimi. Mwandishi: jina langu, cheo changu na kituo changu viko juu ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, pamoja na muhuri. Umekaa upande, ndivyo ninavyogonga.

Sentensi: Nchi hii ni maskini. Zahanati haina dawa. Mdogo wangu amepotea.

Visanduku viwili vya mwisho nimeviacha wazi. Sina neno jingine.

Ripoti yangu ya robo mwaka naambatanisha tena, kama ilivyokuwa. Mdogo wangu aliniomba niichome. Hilo pia nimemkatalia.

Mkija, njooni mchana, nina wagonjwa asubuhi. Kikaratasi namba 0212 mtakikuta kando ya mzani, na akina mama watawaonyesha, maana wengi wamekijua kwa moyo.

Na msisumbuke kuificha barua hii. Machi mdogo wangu aliniletea karatasi nne za kaboni. Aliziomba kwenu rasmi, akasaini. Nimezitumia zote nne hapa chini, nimebonyeza kalamu kwa nguvu, na nakala zinasomeka vizuri. Zimeshaondoka kwenda kwa wengine, hakuna hata moja iliyobaki kwangu.

Dada yake